Mjadala: Kukiri kosa ili kesi ifutwe, je, ni nafuu kwa mtu asiye raia wa Marekani?

Mleta mada

Wakuu, naleta jambo hili kwa sababu vijana wetu huko Texas wanatia saini karatasi wasizozielewa, na wanaowashauri ni ndugu wenye nia njema kabisa.

Tuseme kijana amekamatwa na kokeini isiyofika gramu 1. Kwa sheria ya Texas hiyo tayari ni feloni, kosa kubwa la jinai, ingawa la daraja la chini. Ni mara yake ya kwanza, kwa hiyo anaweza kupewa mojawapo ya njia mbili za kukwepa hukumu. Ya kwanza: anakiri mbele ya jaji, jaji hamtii hatiani bali anamweka chini ya uangalizi, na akimaliza muda wake salama shauri linafutwa. Ya pili ni mkataba na mwendesha mashtaka kabla kesi haijasikilizwa. Anapimwa mkojo, anahudhuria mafunzo, analipa ada ambayo sheria inaruhusu ifike dola 500, kisha mashtaka yanaondolewa.

Kwa raia, zote mbili ni nafuu, na hapo sina ubishi. Wachumi Mueller-Smith na Schnepel walichapisha mwaka 2021 utafiti kuhusu watu walioshtakiwa feloni kwa mara ya kwanza katika kaunti ya Harris, yaani Houston. Walikuta kwamba njia ile ya kwanza ilipunguza kurudia makosa kwa karibu nusu katika miaka 10, na waliopitia huko walipata kazi zaidi.

Shida ni kwamba uhamiaji ni sheria ya shirikisho, na haijali jimbo limefuta nini. Tangu 1996 inauliza mambo mawili tu. Je, ulikiri kosa, au ulikubali maelezo yanayotosha kukutia hatiani? Na je, jaji alikuwekea adhabu au sharti lolote? Majibu yakiwa ndiyo, basi umetiwa hatiani, na kwa kesi ya kokeini unaweza kufukuzwa nchini hata ukiwa na ukaazi wa kudumu. Kijana anamaliza uangalizi wake, anatunza karatasi ya kufutiwa shauri, anakwenda Dar kumzika mzazi, na akirudi anashikwa uwanja wa ndege.

Hata njia ya pili ina shimo. Mwaka 2017 Bodi ya Rufaa za Uhamiaji iliamua, katika shauri lililotoka Texas, kwamba mkataba wa namna hiyo nao unahesabika kuwa hatia iwapo mshtakiwa amekubali maelezo ya kosa na jaji ameidhinisha masharti.

Msimamo wangu: majimbo yaache kudai mtu akiri ndipo asaidiwe. California ilikuwa na sharti hilo kwa kesi ndogo za dawa za kulevya, ikaliondoa kuanzia tarehe 1 Januari 2018. Sasa mshtakiwa anakana kosa na kuingia kwenye mpango. Mnaonaje?

Mchangiaji, Dallas

Mkuu, umeeleza vizuri, lakini umesahau upande wa pili wa meza. Mwendesha mashtaka akimwachia mtu mwaka mzima bila kukiri, halafu mtu huyo akaacha kuhudhuria, kesi itaanzia wapi? Askari aliyemkamata kahamia mji mwingine, shahidi hapatikani. Kukiri ndiyo dhamana yao. Ukiiondoa, wataacha kutoa nafasi hizo, na wa kwanza kuumia watakuwa vijana weusi, wa kwetu na wa Wamarekani.

Mchangiaji, Minneapolis

Mimi nahudumia wazee majumbani. Kwenye kazi hii feloni inakufungia mlango siku ile ile wanapochunguza rekodi yako. Watoto wengi wa jumuiya yetu wamezaliwa hapa, ni raia. Tafadhali tusiwatie hofu hadi wakatae nafasi inayowafaa. Na hizo ada mbona hatuzijadili? Asiye na pesa anaukosa mpango wakati kosa ni lile lile.

Mchangiaji, Nairobi

Ninavyojua, mahakama kuu kabisa ya Marekani ililimaliza hili. Si ni kazi ya wakili kumwambia mteja?

Mleta mada

Nianze na wa Nairobi. Ndiyo, mwaka 2010, katika kesi ya Padilla dhidi ya jimbo la Kentucky. Padilla alikuwa dereva wa lori, mzaliwa wa Honduras, aliyeishi Marekani kihalali zaidi ya miaka 40. Wakili wake alimwambia asiwe na wasiwasi kwa kuwa amekaa nchini muda mrefu, akakiri, na kumbe kukiri huko kunamfukuzisha. Mahakama ilisema wakili ana wajibu wa kumjulisha mteja hatari hiyo. Lakini ushauri mzuri hauongezi njia pale ambapo jimbo limeweka njia moja tu, nayo ni ya kukiri. Kijana anaambiwa ukweli, kisha anabaki kuchagua kati ya kesi kamili na kufukuzwa.

Dada wa Minneapolis, nakubaliana nawe kabisa. Mtoto aliye raia asikimbie nafasi hiyo. Kuhusu ada, naona zilipwe na kaunti, maana jela nayo inailipia.

Kwa ndugu wa Dallas: hofu yako ina uzito, ila California iliipatia jibu. Anayeingia kwenye mpango anasalimisha haki ya kesi kusikilizwa haraka na haki ya kuhukumiwa na juri, yaani jopo la raia wa kawaida. Akivunja masharti, kesi inaendelea mbele ya jaji peke yake. Mwendesha mashtaka hatoki mikono mitupu, na mhamiaji haingii na hatia mfukoni.

Wenye kesi sasa hivi, kabla ya kutia saini mwambieni wakili, hata kama hajauliza, kwamba ninyi si raia. Ombeni asome mkataba wote atafute mstari unaosema mnakubali maelezo ya kosa. Mkiukuta, aombe uondolewe, na jibu la ofisi ya mwendesha mashtaka lije kwa maandishi.