Eti "kama hasikii, simu isipoita anajuaje?" Fundi wewe, unajijua!

BintiMrima:

Wakuu salamu baadaye, leo sina muda wa itifaki. Mikono inatetemeka hapa, mkiona nimekosea herufi mnisamehe.

Wana Houston wote mnamjua. Simtaji. Yule wa begi jeusi la laptop mgongoni, hata msibani analo. Yule aliyekufungia wewe king'amuzi, akakutengenezea wewe printa, akakuwekea wewe kamera ya mlangoni na mpaka leo kamera inapiga picha dari. Huyo huyo.

Nyumbani naishi na mdogo wangu, ni kiziwi tangu utotoni. Ana simu yake ya video, ile ya kuunganisha na runinga, ina kamera, anaongea kwa lugha ya alama. Huku Marekani viziwi wanaipata bila kulipa, na inakuwa na namba ya kawaida ya tarakimu 10. Ukimpigia wewe unayesikia, katikati anaingia mkalimani: yeye anamwona mkalimani kwenye kioo, wewe unamsikia mkalimani sikioni, mnaongea. Kazini wanampigia, kliniki wanampigia, mpaka wanaomdai wanampigia.

Tumehamia intaneti mpya, ruta mpya. Kupiga, anapiga vizuri kabisa. Kupigiwa, hakuna. Unaambiwa hapatikani, na yeye yupo hapo anaitazama simu! Cha ajabu, akimaliza kupiga yeye, ukimpigia papo hapo inaingia. Subiri kidogo ujaribu tena, kimya.

Basi nikamwita Mheshimiwa. Kaja Jumamosi, kachelewa, kakuta watu na pilau. Kabla hajagusa ruta kagusa sahani. Na sahani yenyewe kairundika mpaka upande wa pili humwoni uso. Paja la kuku alilokuwa kawekewa mtu mwingine, kalichukua yeye.

Namweleza tatizo, sahani iko mkono wa kushoto, mdogo wangu kakaa mbele yake palepale. Katafuna. Kameza. Kasema:

"Dada, sasa kama hasikii, simu isipoita anajuaje?"

WAKUU.

ANAJUAJE??

Inawaka TAA, bwege wewe! Taa! Ikipigwa zinamulika taa sebuleni mpaka jirani anafungua pazia akidhani polisi wamekuja! Chumbani ana nyingine pembeni ya kitanda! Mtu unajiita fundi wa mitandao hujui kiziwi anapata simu kwa taa?

Na kacheka mwenyewe. Na wageni wawili nao wakacheka, nawajua, pilau langu mtalisikia kwa majirani.

Mdogo wangu anasoma midomo. Si yote, na mdomo ukijaa wali hausomeki, ila watu wakikucheka unajua tu. Kaniuliza kwa alama, "Kasema nini?" Nikamwambia anaomba maji. Mtoto wa watu kainuka, kaenda jikoni, kamletea maji. YA BARAFU. Na kamshukuru kwa kujazia glasi.

Kisha kabofyabofya ruta, kachukua dola 60, kaaga. Usiku nafungua simu yangu nakuta jina la Wi-Fi ya nyumbani limekuwa jina la biashara yake na namba ya simu juu. Nyumba yangu imegeuzwa bango! Paswedi ya kuingilia ruta kaibadilisha, anayo yeye. Na simu haziingii vilevile. Nampigia nimuulize, hapokei. Labda hana taa.

Nimemaliza. Hapana, sijamaliza. Anajuaje! Yaani na ile glasi ya barafu mkononi!

Ngoja_Waje:

Ngoja waje.

Chumvi Nyingi:

Hahaha hapo kwenye barafu nimeshindwa. Pole sana dada. Ila barafu umeitoa wewe kwa mdomo wako, angekuja na maji ya bomba.

Kamera ya Dari:

Mimi ndiye mwenye kamera ya dari. Nathibitisha kila neno. Naiona feni yangu saa 24, wezi wakija kwa juu nimewakamata.

Mtaa wa Saba:

Chai hii. Kiziwi anapigiwaje simu? Weka picha.

BintiMrima:

@Mtaa wa Saba wewe ni mmoja wa wale wawili waliocheka, si ndiyo? Soma uzi. Mkalimani. TAA. Au nawe unauliza anajuaje?

Mkilindini:

Weye dada nawe! Fundi wampa pilau kabla ya kazi? Kwetu Mombasa fundi huonyeshwa sufuria, hafunguliwi. Akimaliza, mtu mwengine ajaribu, ikikubali ndipo kijiko kitoke. Hapo pilau ndiyo iliyokuponza, si ruta.

Waya Mwekundu:

Dada hasira weka pembeni kidogo, dalili umeshaitaja mwenyewe. Akipiga yeye, nawe unampata kwa muda mfupi, halafu kimya. Hiyo ni NAT, yaani ruta inaficha vifaa vyote vya nyumbani nyuma ya anwani moja ya nje. Kifaa kikitoka nje, ruta inaacha mlango wazi kwa ajili ya majibu. Pakiwa kimya mlango unafungwa, kwa UDP, ile njia ya kurusha data bila kusubiri uthibitisho, ruta nyingi za nyumbani ni sekunde 30 hadi dakika chache tu. Kama simu haipigi hodi kwa seva mara kwa mara, simu ya kuingia inakuta pamefungwa na anayepiga anaambiwa hapatikani.

Nyuma ya ruta kuna kitobo, ingiza pini ushikilie sekunde kama kumi mpaka taa zizime. Bango lake na paswedi yake vyote kwaheri. Ingia kwa paswedi iliyobandikwa chini ya ruta. Kisha tafuta SIP ALG, setingi ya ruta inayojifanya kusaidia simu za intaneti, uizime. Ikiwa imewashwa inachokonoa anwani zilizo ndani ya ujumbe wa simu na mara nyingi inaziharibu. Halafu ipe hiyo simu IP, yaani anwani ya mtandao, isiyobadilika kwenye DHCP, sehemu ya ruta inayogawa anwani. Poti, yaani namba za milango ya kufungua, ni mwisho: 5060 kama inatumia SIP, utaratibu wa kupigia simu za intaneti, 1720 kama ni H.323, utaratibu wa zamani, na zile za picha na sauti uwaulize waliowapa simu, kila kampuni ina zake.

Chumvi Nyingi:

Mkuu umeandika Kiswahili chote na sijaelewa hata kimoja. Ila nakuamini, hujaomba sahani.

Kaka Mkubwa wa Temeke:

Kwani si atumie WhatsApp? Watu mnapenda kujipa kazi.

BintiMrima:

Kaka yangu, benki itampigia WhatsApp? Daktari atajifunza alama usiku huu? Hiyo namba ina mkalimani ndani yake, saa yoyote, ndiyo maana yake.

Waya Mwekundu:

Na ujue kwa nini WhatsApp haina shida hiyo: programu yenyewe inatoka nje kwenda kwa seva yake na kuuweka huo mlango wazi, au seva inaiamsha simu kwa taarifa. Simu za video za zamani zilitegemea kubishiwa hodi moja kwa moja kutoka nje. Ndiyo ugomvi wote.

Profesa Nukta:

Wadau tuweke historia sawa. Simu ya video si kitu cha juzi. Kampuni ya simu ya AT&T waliionyesha Picturephone, simu yao ya video, kwenye maonyesho ya dunia ya New York mwaka 1964, wakaanza kuiuza kama huduma Pittsburgh 1970, ikadoda kwa bei. Mwaka huohuo wa 1964 mwanafizikia kiziwi, Robert Weitbrecht, alifanikiwa kutuma maandishi kupitia laini ya simu ya kawaida kwa mashine ya teletaipu. Kuhusu ukalimani wa simu, sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu ya 1990 ndiyo iliyo

Ngoja_Waje:

Profesa, fundi kala pilau 2 Oktoba 1964 au?

Profesa Nukta:

Ndiyo maana hatuendelei.

BintiMrima:

Sijariseti, nimepata njia! Nimekaa nikawaza, mtu mwenye majivuno paswedi yake itakuwa nini? Nikaandika namba yake ya simu. Ile ile aliyoibandika kwenye jina la Wi-Fi. IMEFUNGUKA. Kaiandika funguo mlangoni, fundi wa mitandao!

Nimeona ameweka kitu kinaitwa DMZ, kinachotupa kila hodi ya nje kwa kifaa kimoja, kwenda 192.168.1.23. Nimetafuta 23 ni nani. Wakuu, ni PRINTA. Simu za mdogo wangu zote kazielekeza kwa printa! Printa anajuaje?!

Kamera ya Dari:

Hahahaha printa ipokee, iseme "karatasi zimeisha."

Waya Mwekundu:

Tuwe wakweli, huenda 23 ilikuwa ya simu siku ile. Umeme ukikatika au ruta ikizimwa, DHCP inagawa upya, printa ikawahi. Ndiyo maana nilisema IP ya kudumu kwanza. Ila iondoe hiyo DMZ sasa hivi, maana printa yako iko uwanjani, kila anayepita nje anaweza kuibishia hodi.

BintiMrima:

Usimtetee! Yeye ndiye aliyetafuna akameza akasema. Umeme haukusema.

Waya Mwekundu:

Sawa dada. Angalia kitu kimoja zaidi, ukurasa wa kwanza wa ruta, IP ya upande wa nje, ile ya WAN, inaanza na ngapi?

BintiMrima:

100.81 na kuendelea.

Waya Mwekundu:

Basi hata angekuja fundi wa anga za juu. Kuanzia 100.64 hadi 100.127 ni anwani zilizotengwa mwaka 2012 kwa ajili ya kampuni za intaneti kujaza wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Hodi inaishia kwao, haifiki kwako. Ungefungua poti zote za ruta na madirisha ya nyumba juu yake, bado. Waombe IP ya umma, wengine wanatoza kidogo kwa mwezi. Au rahisi zaidi, waambie waliowapa simu ya video waiweke iwe inajisajili kwa TCP, njia inayoshikilia muunganisho, na kupiga hodi kila baada ya muda mfupi, mlango usipate nafasi ya kufunga. Mara nyingi wanafanya hukohuko kwao bila mtu kuja nyumbani.

BintiMrima:

Kwa hiyo dola 60 zimeenda kwa setingi ambayo isingefanya kazi hata siku moja??

Mkilindini:

Na pilau.

Chumvi Nyingi:

Na barafu.

Mama Wawili Buguruni:

Dada mimi pia kiziwi, nasoma tu huwa sichangii. Hilo la "anajuaje" nimeambiwa kila mahali, lina aina zake. Kuna aliyeniuliza kama naweza kusoma, na mimi ndiye niliyemwandikia barua anayoisoma. Mkalimani wangu wa simu ni mwanangu wa darasa la nne, na siku hizi anafupisha. Watu wanaongea dakika tano, yeye ananiambia "kasema sawa." Mpe mdogo wako salamu, mwambie maji mara nyingine yawe ya moto.

BintiMrima:

Nimemwonyesha. Kacheka mpaka kakaa chini.

Mtaa wa Saba:

Mimi bado nasubiri picha ya hiyo taa.

Kaka Mkubwa wa Temeke:

Afadhali yako fundi alikuja. Mwenye nyumba wangu ana mita moja ya LUKU wapangaji sita, kila siku yeye ndiye "kasahau" kuchangia, na pasi yake iko motoni tangu alfajiri. Juzi kaniambia eti friji langu linakula umeme. Friji halijawashwa tangu Pasaka, naweka viatu!

Chumvi Nyingi:

Mwenye nyumba wako na wangu ni ndugu. Wangu kaweka kufuli kwenye swichi kuu, funguo anaenda nayo shambani.

BintiMrima:

Jamani, uzi wa fundi huu.

Kamera ya Dari:

Tukiongelea mafundi basi tuanze na mafundi cherehani, hao wengine wote ni wanafunzi. Nimepeleka kitenge cha sendofu ya dada yangu, nikaonyesha picha, nikapimwa. Bibi harusi keshazaa, gauni bado "limebaki vifungo tu."

Mama Wawili Buguruni:

Wangu alinishonea vazi mikono miwili ya kushoto. Nikamrudishia, akaniandikia kwenye karatasi, "ndiyo fasheni."

Mkilindini:

Wa kwetu alikata jora la mama, likatoka buibui na mapazia ya dukani kwake.

Kaka Mkubwa wa Temeke:

Hahaha mapazia! Kuna anayemjua mmoja tu mwaminifu Dar? Nina shughuli mwezi ujao, nitumieni namba inboksi.

Chumvi Nyingi:

Yupo mmoja Mwenge anashona vizuri sana. Ila mwezi ujao ana msiba.

Kamera ya Dari:

Msiba wa mwezi ujao?

Chumvi Nyingi:

Kashaniambia mapema nisije nikalalamika.