Mafuta gani ya nyumbani inafaa kitandani?

Bandugu ba Goma, tangu bibi yangu azale, sasa miezi 4, anasikia ukavu tukilala pamoja na inamuuma. Juzi tukapaka vaselini, kapoti (kondomu) ikapasuka! Nyumbani kuko nini ya kusaidia?

Mama wa Birere: Weee! Vaselini, mawese, mafuta ya nazi, yote inaharibu kapoti ya lateksi. Kama hamutumie kapoti, nazi safi inaweza, ila ajaribu kwanza kidogo ku mkono. Na kunyonyesha kunaleta ukavu, haiko kusema hakupendi.

Kaka wa Katindo: Losheni ya harufu na sabuni hapana, inachoma. Uliza jeli ya maji ku farmasi, ile inapatana na kapoti. Na muende polepole.

Mwenye kuuliza: Aksanti mama. Shida, ku farmasi ya kwetu anauzisha dada wa korali yetu 😅