Kipimo cha leza au futi kamba, kwa nyumba za Mji Mkongwe?

Seremala wa Malindi:
Assalaam alaykum wakubwa. Natengeneza milango na makabati, kazi nyingi ziko Mji Mkongwe. Nataka kununua kipimo cha leza. Kuta zetu za mawe na chokaa hazijanyooka. Kitanifaa kweli?

Fundi Wete:
Waalaykum salaam. Nunua, lakini futi kamba usiitupe. Leza nyingi hazipotezi zaidi ya milimita 2, na ukumbi mrefu unaupima peke yako bila kutafuta wa kukushikia ncha. Ila inapima pale kidoa chekundu cha mwanga wake kilipogota tu. Ukuta ukiwa na tumbo, pima juu, kati na chini, kisha kabati lifuate kipimo kifupi. Dari za boriti ndiyo hatari: kidoa kikiingia kwenye mwanya kati ya boriti mbili, urefu unaongezeka na wewe hujui. Lenga boriti yenyewe. Halafu angalia alama kwenye kioo, inahesabu kuanzia kitako cha chombo au mbele? Ukikosea hapo, mbao nzuri za mvule huharibika bure!

Mjenzi Paje:
Huku pwani jua la mchana hukioni kidoa. Napima asubuhi mapema, au namwambia kijana ashike kibao cheupe kwenye kivuli.

Seremala wa Malindi:
Ahsanteni sana. Na fremu za milango?

Fundi Wete:
Fremu, futi kamba kaka. Mkono uguse pale chokaa ilipomeguka.