Kocha wa usaili wa urubani: nimlipe kwa lipi, lipi nifanye mwenyewe?

Saa_za_Caravan

Wakuu, habari za majukumu. Nina CPL (leseni ya urubani wa kibiashara) yenye reting ya IR (kuruka kwa vyombo) na injini mbili, MCC (mafunzo ya kuruka marubani wawili) nimemaliza, saa 1,150 na nyingi ni za Caravan, ndege ndogo ya injini moja. Nimeitwa usaili wa rubani msaidizi wa ATR 72, ndege ya abiria ya propela mbili, zimebaki siku 24. Kutakuwa na mtihani wa kuandika, jopo la watu watatu, halafu simuleta (mashine ya kuigiza urukaji). Kuna kocha wa mtandaoni anauza vipindi sita vya saa moja moja pamoja na "majibu ya maswali 300". Bila kujibana nina hela ya vipindi vitatu tu. Nivitumie kwa lipi, na lipi naweza kulifanya bure? Na hayo majibu 300 yana faida yoyote?

Kipanga_wa_Pwani

Hongera kwa kuitwa, mkuu. Vitatu vinatosha ukivipanga vizuri.

Majibu 300 achana nayo kabisa. Msaili mzoefu hapimi jibu lako la kwanza, anapima la tatu. Atakuuliza kuhusu siku ulipopingana na kapteni, ukimaliza anaanza kuchimba: kapteni alisema nini hasa? Wewe ulitumia maneno gani? Angekataa tena ungefanyaje? Jibu la kununua linakauka kwenye swali la pili, na jopo zima linaona limekauka.

Kabla hujamlipa kocha hata senti, fungua logibuku (daftari la saa zako za kuruka) na uandike matukio 8 hadi 10 ya kweli. Kugeuza kwa sababu ya hali ya hewa. Kukataa mzigo uliozidi. Kosa ulilofanya wewe na ulivyolirekebisha. Kutoelewana na mwenzako. Siku ratiba ilipobana na mtu akakusukuma uharakishe. Kila tukio lipe sehemu nne: hali ilivyokuwa, jukumu lako, ulichofanya, matokeo. Hali iwe sentensi mbili tu. Ulichofanya kichukue zaidi ya nusu ya jibu, na jibu zima lisizidi dakika mbili. Watu wengi hufanya kinyume: dakika nzima wanaeleza mawingu, halafu uamuzi wenyewe unapita kwa sentensi moja.

Kuna jambo linalotugharimu sana sisi Waswahili. Adabu yetu inatufundisha kusema "tuliamua", "tulirudi", hata pale mtu alipoamua peke yake, na usaili ukiwa wa Kiingereza tunaihamishia huko ile ile. Jopo haliwezi kukupa alama za kitu kilichofanywa na "sisi". Ukisema "tuliona hali mbaya tukarudi", hakuna cha kuandika kwenye fomu. Sema: "Tukiwa maili 12 kutoka uwanjani, wingu lilishuka hadi futi 800. Nilikagua mafuta, yalitosha dakika 70. Nikapendekeza tugeuze kabla hayajafika 60, kapteni akakubali, nikaomba kibali." Hapo hujajisifu, umeeleza kazi ya kila mtu. Na usimseme vibaya kapteni yeyote uliyewahi kuruka naye, hata kama kosa lilikuwa lake.

Vipindi ningevipanga hivi. Cha kwanza kiwe wiki hii: jopo la majaribio la dakika 40 mfululizo, kamera imewashwa, kocha asikukatize kukusahihisha, na kirekodiwe. Dakika 20 zilizobaki ndizo za marekebisho. Cha pili kije baada ya siku saba au nane, kihusu yale uliyoanguka tu. Cha tatu kiache kwa ajili ya simuleta. Visifuatane siku mbili tatu, utakuwa umelipia marekebisho ambayo hujapata muda wa kuyafanyia kazi.

Pia hakikisha jumla ya saa kwenye CV, fomu ya maombi na logibuku ni namba moja. Saa 15 zisizolingana zinaweza kula nusu ya muda wako mbele ya jopo.

Saa_za_Caravan

Asante sana mkuu, hilo la "tuli-" limenigusa, ndivyo ninavyoongea. Vipi maswali ya ufundi, na huko kwenye simuleta?

Futi_kwa_Maili

Maswali ya ufundi usiyalipie, vitabu vyako vya ATPL (leseni ya juu ya urubani) vinatosha. Ila jizoeze kujibu kwa sauti, umesimama, bila kalkuleta. Mfano: uko FL170 (futi 17,000), unatakiwa futi 3,000, unaanza kushuka maili ngapi kabla? Futi 14,000, zidisha 3 kwa kila elfu, maili 42. Unapunguza mwendo kutoka noti 240 (maili za baharini kwa saa) hadi 180, ongeza maili 1 kwa kila noti 10: zinakuwa 48. Upepo wa nyuma noti 20 kwa dakika kama 10 ni maili 3 zaidi. Jumla 51. Kasi ya kushuka: mwendo juu ya ardhi mara 5, yaani noti 240 ni futi 1,200 kwa dakika. Halafu atauliza kwa nini 3. Mteremko wa nyuzi 3 ni futi 318 kwa maili, kwa hiyo futi 1,000 zinakula maili 3 na ushee. Ukijua asili ya kanuni, hata ukikosea hesabu anakuelewa.

Jiandae na Nairobi. JKIA, uwanja wake wa ndege, iko futi 5,330 juu ya bahari, joto la kawaida la kimo hicho ni kama nyuzi 4. Siku ya nyuzi 25 umezidi kwa 21, kila nyuzi ni kama futi 120, basi ndege inajiona iko karibu futi 7,850. Usiishie kwenye namba. Sema maana yake: sindano ya mwendo inasoma kama kawaida lakini ardhi inapita kwa kasi zaidi, ranwei inayohitajika ni ndefu zaidi, na kupanda kwa injini moja kunadhoofika.

Barafu pia, hata kwa wanaoruka Tanzania. Dar ni nyuzi 31, lakini ukanda wetu maji huanza kuganda karibu futi 15,000 hadi 16,000, na ATR 72 inaruhusiwa hadi 25,000. Dalili ya kutaja kwanza: mwendo unapungua na nguvu ya injini hujaigusa. Soma pia ATPCS, mfumo unaogeuza mapanga ya propela ya injini iliyokufa yasikinze upepo na kuongeza nguvu ya ile nyingine wakati wa kuruka. Injini za PW127 za ATR na PT6 ya Caravan zote ni za Pratt & Whitney Canada, ulinganisho huo huulizwa.

Simuleta ndipo watu wa Caravan wanapoumia, na si kwa sababu hawajui kuruka. Mkono umezoea kufanya kila kitu: anashusha flapsi mwenyewe, anabadili masafa ya redio mwenyewe, mwenzake amekaa tu. Anayekupima anaandika "haruki kama timu". Omba, subiri, thibitisha, kwa sauti. Pili ni mguu: Caravan haina injini ya upande, hivyo wengi wanachelewa kukanyaga pedali injini moja ikizimwa, wanapambana na usukani tu. Waulize waajiri ni simuleta ya ndege gani, si siri, kisha mwambie kocha akupe mwinuko wa pua na nguvu za injini za kila hatua kwa ndege hiyo. Namba tano sita zinatosha. Bandika ukutani, kaa kwenye kiti, ruka ILS nzima (kukaribia uwanja kwa kufuata mawimbi ya redio) kwa mdomo mara mbili kila siku. Na ukikosea ndani ya simuleta, sema umekosea, rekebisha, endelea. Wanachotazama ni kama kosa hilo hilo litarudi.

Dada_wa_Mnara

Naongeza kuhusu kumchagua kocha mwenyewe. Muulize amewahi kukaa upande wa jopo au wa kupima kwenye simuleta, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Muulize kama ameandaa watu wa ndege za propela, maana wengi wamezoea A320 na 737 na maswali yao yote ni ya jeti. Akimalizia sentensi zako kwenye kipindi cha kwanza, usirudi: unajifunza majibu yake. Anayedai ana maswali halisi ya kampuni hiyo mkimbie, ni udanganyifu na usaili unabadilika.

Kuhusu Kiingereza, lafudhi iache ilivyo. Shida kubwa ni kasi, tukiogopa tunakimbia. Sikiliza rekodi yako na uhesabu mara ulizovuta pumzi kwenye jibu la dakika mbili.

Kipindi cha mwisho kiwe siku tatu kabla ya usaili, si jana yake. Ukisahihishwa usiku wa kuamkia usaili utaingia ukiwa unajihariri kila sentensi.