Je, riwaya ya Purple Hibiscus isomwe katika shule zetu za misheni?

Ndugu wasomaji wenzangu,

Kikundi chetu cha wasomaji hapa Jinja, Uganda, kilimaliza mwezi uliopita kuisoma Purple Hibiscus, riwaya ya Chimamanda Ngozi Adichie iliyotoka mwaka 2003, na tangu siku hiyo hatujapatana. Mwalimu mmoja kati yetu alipendekeza kwamba wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne waisome katika shule anayofundisha, ambayo ilianzishwa na Kanisa, na pendekezo hilo ndilo lililotugawa. Naliweka swali hili mbele yenu, nikisema mapema kwamba mimi nasimama upande wa mwalimu.

Kwa ambaye hajaisoma, msimulizi ni Kambili, msichana wa miaka 15 wa Enugu, Nigeria. Baba yake, Eugene, ni tajiri, Mkatoliki asiyekosa Misa, msaada wa maskini wengi, na mwenye gazeti linalothubutu kuikosoa serikali ya kijeshi wakati wengine wamenyamaza. Mtu huyo huyo, ndani ya nyumba yake, humpiga mkewe hadi mimba zinaharibika, na siku moja anaichapa familia nzima kwa mkanda kwa sababu binti amekula kidogo kabla ya Komunyo, wakati wa kufunga, ili aweze kumeza dawa ya maumivu ya hedhi. Jumapili ya Matawi mwanawe Jaja anakataa kwenda kupokea Komunyo, baba anamrushia misale, yaani kitabu cha Misa, na kuanzia hapo nyumba haisimami tena. Mwishowe mama anamtilia mumewe sumu katika chai, na Jaja anajitwika kosa hilo na kwenda gerezani.

Anayepinga kwa nguvu zaidi ni mzee wetu katekista, na hoja yake haistahili kupuuzwa. Anasema Kanisa la Uganda limejengwa juu ya imani ya vijana: Kizito, mmoja wa Mashahidi wa Uganda, alikuwa na miaka kama 14 alipobatizwa na shahidi mwenzake Karoli Lwanga kule Munyonyo, siku chache kabla ya kuchomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na kila mwaka mahujaji hutembea kwa miguu, wengine kwa siku nyingi, kwenda kumheshimu yeye na wenzake. Mzee anauliza mtoto wa leo atajengwa vipi na kitabu ambamo rozari na mkanda vimeshikwa kwa mkono mmoja, na anatukumbusha kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye.

Nimeutafakari sana mfano huo wa Kizito, na kila nikiurudia naona unaiunga mkono hoja ya mwalimu. Kizito aliulilia ubatizo mwenyewe, kwa muda mrefu, akijua kwamba Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alikuwa na uwezo wa kumwua. Kambili hajawahi kuulizwa lolote. Ratiba yake ya kila saa, kuanzia masomo hadi sala na usingizi, imeandikwa na baba na kubandikwa ukutani, na sala ya kubariki chakula peke yake huchukua dakika 20. Imani yake yeye mwenyewe hatuioni mpaka anapokwenda Nsukka kwa shangazi yake Ifeoma, mjane anayefundisha chuo kikuu, ambaye nyumbani kwake rozari husaliwa kwa nyimbo za Kiigbo na vicheko haviogopwi.

Ukurasa ambao ningependa kila mzazi ausome ni ule wa maji ya moto. Eugene amegundua kwamba watoto wamelala nyumba moja na babu yao asiye Mkristo bila kumwambia, kwa hiyo anamsimamisha binti yake ndani ya beseni la kuogea na kummiminia maji yanayochemka miguuni, akimweleza kwamba hivi ndivyo mtu anavyofanya anapoiendea dhambi kwa miguu yake. Anatenda hayo huku analia. Baadaye anamsimulia kwamba yeye mwenyewe, alipokuwa mwanafunzi, padri aliyemkuta akitenda dhambi dhidi ya mwili wake alimwamuru achemshe maji, kisha akamtumbukiza mikono humo, na anamtaja padri huyo kwa shukrani. Hapo nilikifunga kitabu kwa muda. Baba huyu alipokea dini akiwa mtoto, pamoja na kidonda, na hakuna aliyewahi kumsaidia kuvitenganisha viwili hivyo. Ndiyo maana anamrithisha bintiye vyote kwa pamoja na kuamini kwamba anampenda. Binti naye anaamini. Anapopewa na baba yake tone la chai ya moto linalomchoma ulimi, kwake hilo ndilo pendo. Mtoto wa namna hiyo hawezi kumwambia mwalimu kwamba anateswa, kwa sababu neno hilo hana.

Kijana mmoja wa kikundi, mwanafunzi wa chuo kikuu, aliipenda riwaya kwa sababu nisizozikubali hata kidogo. Kwake ni ushahidi kwamba dini zililetwa kuzivunja familia za Waafrika. Nadhani alisoma haraka. Babu huyo anayeitwa mpagani na mwanawe huamka alfajiri kusali kwa kuchora mistari ya chaki, na katika sala hiyo anamwombea Eugene, mwana aliyemkataa, kwa moyo ule ule anaojiombea yeye. Kambili anamwona akisali na anashangaa. Asiyeheshimu sala ya mtu yeyote hawezi kuandika ukurasa kama ule.

Nalisema hili nikiwa na deni langu. Baba yangu alikuwa Mlokole, wa uamsho ule ulioenea Rwanda na Uganda tangu miaka ya 1930, na babu alipofariki hakuturuhusu kuingia uani siku ya kumaliza msiba, kwa kuwa kulikuwa na pombe na mambo ya jadi. Tulikaa ng'ambo ya barabara tukisikia ngoma. Baba hakutupiga kamwe, na nampenda hadi leo, lakini nilipofika mahali ambapo watoto wa Eugene wanaruhusiwa dakika 15 tu kwa babu yao, tena bila kula wala kunywa chochote chake, niliijua barabara ile.

Pingamizi lililonisumbua kuliko yote lililetwa na mama mmoja muuguzi. Kambili anampenda padri kijana, Padri Amadi, naye padri hamkatai waziwazi. Anamchukua garini, anamsifu, na anaacha pendo hilo likue hata kama halivuki mpaka wa mwili. Mama huyu anasema binti wa miaka 15 asisomeshwe kisa hicho kama hadithi tamu ya ukombozi. Nakubaliana naye. Mwandishi amekuwa mpole mno kwa padri yule, na mwalimu atakayeifundisha riwaya hii analazimika kusimama hapo na kuwaambia wasichana wazi kwamba mtu mzima mwenye dhamana juu ya mtoto hastahili kuupokea moyo wake kwa njia hiyo. Kuhusu sumu ya mama sina mengi: riwaya inaonyesha gharama yake kwa ukali wa kutosha, kwani mwanawe ndiye anayeilipa.

Sheria ya Watoto ya nchi yetu ilirekebishwa mwaka 2016 na kupiga marufuku viboko shuleni. Lakini mtoto anayerudi nyumbani jioni analindwa zaidi na macho ya jirani, paroko, shangazi na mwalimu anayejua kusoma ukimya wake, na riwaya hii inafundisha usomaji huo kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia. Tena Mtume Paulo, katika waraka kwa Wakolosai, aliwakataza akina baba kuwachokoza watoto wao wasije wakakata tamaa. Mzee katekista anaujua mstari huo vizuri kuliko mimi, na nilipomsomea alinyamaza, kisha akaomba nimwazime kitabu tena ili aisome upya sehemu ya Nsukka.

Ombi langu ni kwa walimu mliowahi kuifundisha darasani, Uganda au kwingineko: mtueleze wanafunzi wenu walinyamaza katika ukurasa gani, na nanyi mlifanya nini baada ya kipindi.