Mwanafunzi afanye kazi ili alipiwe ada: tunakubali?

Wadau, naomba tulijadili hili bila jazba.

Mwaka 1996 Wajesuti, shirika la watawa wa Kikatoliki, walifungua shule ya sekondari ya Cristo Rey huko Chicago, katika mtaa wa Pilsen uliojaa familia zenye asili ya Meksiko. Wazazi wasingemudu ada ya shule binafsi, na michango isingetosha. Likaja wazo: wanafunzi wenyewe waajiriwe. Wanne wanagawana nafasi moja ya kazi benki, hospitalini au kwa mawakili, kila mmoja siku tano kwa mwezi. Ujira hauingii mfukoni mwao, unakwenda shuleni kufidia ada. Mtindo huo sasa uko katika miji mingi ya Marekani.

Faida yake siibishi. Mtoto wa tajiri ana mjomba wa kumwingiza ofisini. Mtoto wa maskini hana, na hapa anaingia akiwa na miaka 14, anajifunza kuandika barua pepe ya kikazi, kuzungumza na mtu mzima bila kutetemeka, na kuona kwa macho yake wakili anashindaje siku nzima. Hilo halifundishwi ubaoni. Siku za darasani anazokosa, shule hizo hufidia kwa kurefusha masomo.

Kinachoniuma ni hiki: nafasi yake darasani inategemea mwajiri. Uchumi ukiyumba kampuni ikapunguza watu, je? Mtoto akigombana na msimamizi wake? Mwenzake mwenye pesa akiharibu kazi ya likizo, Jumatatu anarudi shuleni kama kawaida. Sheria ya Marekani ya 1938 iliwakataza wa miaka 14 na 15 kufanya kazi saa za masomo, na haikuwa bure. Mwaka 2010 kanuni zililegezwa kwa programu za aina hii, kwa masharti. Mimi nataka sharti moja zaidi: akishindwa kazi, asipoteze shule.

*

Mkuu, unaongea kana kwamba watoto hao walikuwa na njia nyingine. Mimi nilisoma huku nafanya vibarua usiku, na humo sikufundishwa chochote zaidi ya kubeba mizigo. Darasani nasinzia. Ningepewa ofisi mchana na ada ikalipwa, ningeshukuru mpaka leo. Halafu hilo sharti lako, pengo la ada atalijaza nani?

*

Ndugu yangu, pole sana kwa hayo, na swali lako ni la haki. Nadhani waajiri walijaze: kila kampuni ichangie kidogo kwenye mfuko wa pamoja, ili kijana aliyeachishwa aendelee kusoma huku akitafutiwa nafasi nyingine. Kampuni haipati hasara, maana imepata mfanyakazi kwa nafasi ambayo ingemlipa mtu yeyote.

*

Naongeza moja. Apewe karatasi ya malipo kila mwezi, yenye jina lake: umefanya siku kadhaa, umeingiza kiasi fulani, kimelipia ada yako. Binti wa miaka 15 akiiona, hatajiona ombaomba wa shule. Na mzazi wake pia aione.

*

Hiyo nakubali kabisa, sikuwa nimeifikiria. Wanaopinga hata kazi yenyewe, karibuni.