Naomba ushauri: mmea wa ufukweni wa kufunika ardhi yenye jua kali

Ndugu wanachama, nina kipande cha bustani chenye udongo wa kichanga kinachopigwa na jua kutwa nzima, nami natamani kukifunika kwa Ipomoea pes-caprae, ule mmea utambaao ufukweni, wenye majani yaliyopasuka nchani mithili ya kwato za mbuzi na maua ya zambarau yanayochanua asubuhi. Mbegu nilizoziloweka siku mbili hazijavimba hata kidogo. Ganda lake ni gumu mno. Je, nilikwangue kwa msasa, au nipande vipande vya shina, maadamu vifundo vinavyogusa mchanga huota mizizi? Tena, kwa kuwa hutambaa mita nyingi, niupunguze vipi usiisonge mimea midogo iliyo kandokando, ambayo naipenda sana?